Naomba ushauri: utando wa bakteria unabanduka wakati wa kuosha

Habari zenu wanachama. Napima utando (biofilm, tabaka la bakteria walioshikamana juu ya uso) wa bakteria Staphylococcus epidermidis kwenye sahani ya visima 96: mchuzi wa kukuzia bakteria wa TSB wenye glukosi 1%, mikrolita 200 kila kisima, saa 24 kwa nyuzi 37. Naosha mara 3 kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), natia rangi ya kristali violeti 0.1% dakika 15, nayeyusha kwa asidi ya asetiki 33%, nasoma kwenye nanomita 590.

Aina ya ATCC 35984, hodari wa kujenga utando, inabanduka vipande vipande na visomo vya visima pacha vinapishana mno. Aina ya ATCC 12228, isiyojenga utando, kisomo chake kinabaki chini kama inavyotakiwa, kwa hiyo rangi siishuku. Visima vya pembeni nimevijaza maji tasa. Pipeti nimeiacha, namwaga kwa kuinamisha sahani. Bado.

Ili utando ushike, je, nikaushe kwa nyuzi 60 saa nzima kabla ya rangi, au methanoli dakika 15 inatosha? Na sahani ambayo uso wake umetibiwa ili seli zishike (ya ukuzaji wa seli) itasaidia?