Kuta za maktaba ya umma: wachoraji wetu wapewe au wasipewe?

Mtoa mada

Wakuu, salaam kwenu. Wilayani kwetu wachoraji sita wameiomba maktaba ya umma ukuta wa chumba cha kusomea kwa mwezi mmoja, watundike picha zao, watu wazione bure. Baadhi ya wasomaji wameandika barua ya kupinga na kutoa sababu tatu: maktaba ni ya kusomea, picha zenye bei zitaigeuza duka, na hakuna ajuaye nani atachagua kipi kitundikwe. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nawaunga mkono wachoraji, na naomba tubishane kwa hoja.

Hoja yangu ni moja. Mchoraji humchorea yule anayepita mbele ya picha. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Wanunuzi wa pale wengi walikuwa wageni. Wakapenda chui, tembo, ndege wa mikia mirefu. Tingatinga alikufa 1972 kwa risasi ya polisi, na wengi waliomfuata wakaendelea na mnyama, maana mnyama ndiye aliyelipa kodi na ada za watoto. Siwalaumu hata kidogo. Wapo kati yao waliochora hospitali, soko na nyumba ya mganga, na kazi hizo nazipenda kuliko chui wote, ila wa kuzinunua walikuwa haba. Ambaye angezielewa zaidi, yaani jirani, hakuwahi kupita mbele yake.

Au mchukueni Sam Ntiro, aliyezaliwa 1923 huko Machame. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Tangu 1960 picha hiyo ni mali ya jumba la makumbusho la MoMA, New York. Nafurahi kwamba iko salama. Lakini mtoto wa Machame anayeshuka Moshi kusoma maktaba ndiye angeitazama na kusema, hii njia naijua.

Mwaka juzi nilipeleka kidato cha pili kwenye maktaba moja ya mkoa, sitaitaja, kufanya kazi ya jiografia. Kwenye korido kulikuwa na picha tisa za mchoraji wa mtaa wa pili. Moja ilikuwa foleni ya maji: madumu ya njano, ndoo mbili zisizo na mpini, bomba linalodondosha. Kijana mmoja, ambaye darasani humtoi neno, alisimama pale mpaka nikaanza kumtafuta. Akaniambia, "Mwalimu, huyu wa nne hayupo, ameweka jiwe limshikie foleni." Nikasogea. Kweli, kati ya madumu kulikuwa na jiwe, na mimi nilikuwa nimepita hapo mara mbili bila kuliona. Kisha akaenda kaunta kuuliza kama kuna kitabu kinachoeleza maji ya mjini yanatoka wapi.

Dar es Salaam wana kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni tangu 2008, na kazi yao naiheshimu sana. Ila mama wa vitumbua wa huku kwetu hapandi basi kwenda Mikocheni kuangalia picha. Maktaba iko ng'ambo ya barabara, na mwanawe anaingia humo kila siku. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa waliosaini ile barua, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nyumbani tuko saba, vyumba viwili. Najiandaa na mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Meza niliyo nayo duniani ni moja tu, ile ya tatu kutoka dirishani kwenye maktaba hiyo. Nafika kabla haijafunguliwa, nikichelewa robo saa nakosa kiti. Mliomba chumba cha kusomea, siyo korido. Maana yake watu watasimama nyuma ya mgongo wangu, watapiga picha kwa simu, wataulizana bei. Siku ya ufunguzi mtaleta ngoma na mgeni rasmi, na sisi tutaambiwa tupishe. Imeshatokea, tulipishwa siku mbili kwa ajili ya semina. Picha ikikosa ukuta hapa itapata kwingine. Mimi nikikosa kiti hapa sina kwingine.

Mtoa mada

Marahaba, mwanangu. Hoja yako ni nzito kuliko zote nilizosoma, na nakiri ombi letu lilikosea hapo. Chumba cha kusomea tunakiacha. Tutaomba ukumbi wa kuingilia na ukuta wa ngazi, mahali ambapo watu hupita na hawakai. Ngoma hakuna. Picha ikishatundikwa haimsemeshi mtu, kelele ni za sherehe, na sherehe siyo lazima. Hilo la kupishwa kwa ajili ya semina ninalichukua kwa uzito wake, na liandikwe kwenye makubaliano: hakuna msomaji atakayeinuliwa kitini kwa sababu ya maonyesho.

Mchangiaji wa pili

Nimekuwa mkutubi miaka mingi, sasa nimestaafu. Naunga mkono kwa masharti, na masharti yangu yanahusu misumari na jua, maana huko ndiko mambo huharibikia.

Kwanza, wanaosema kazi ya maktaba ni vitabu tu wakumbuke tulikoanzia. Bodi yetu ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Siku kama hiyo haichaguliwi kwa ajili ya ghala la vitabu. Ilikusudiwa nyumba ya watu kujijua.

Sasa vitendo. Picha ya rangi za maji au ya karatasi haihimili mwanga. Kipimo cha mwanga kwenye makumbusho ni kama luksi 50, ya rangi za mafuta kama 200, na ukuta unaotazamana na dirisha la mashariki asubuhi unazidi hapo mara nyingi sana. Usitundike hapo kitu unachokipenda. Pwani kuna unyevu, kwa hiyo nyuma ya fremu bandika vipande vya kizibo, hewa ipite kati ya picha na ukuta, la sivyo ukungu utaanzia mgongoni ambako huuoni. Usipige misumari kila mara. Funga reli moja ya alumini juu ya ukuta, ning'iniza kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule wa kilo nyingi. Reli ile itadumu kuliko sisi.

Na Ujerumani zipo maktaba zinazoazimisha picha kama zinavyoazimisha vitabu. Unaichukua, unaishi nayo sebuleni wiki kadhaa, unairudisha. Hilo ningependa nilione kabla sijafa.

Mchangiaji wa tatu, Nairobi

Hapa kwetu maktaba ya McMillan imesimama tangu 1931, na mpaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Jengo lenyewe lilikuwa la kumwambia mtu, hapa si kwako. Tangu 2018 shirika la Book Bunk wakishirikiana na Kaunti ya Nairobi wamekuwa wakilikarabati pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, na humo sasa kuna maonyesho, tamasha na masomo ya watoto. Nilichojifunza mimi ni hiki: mtu aliyekua akiambiwa jengo si lake haji kwa sababu umefungua mlango. Anakuja akiona cha kwake ndani. Mama yangu hakuwahi kukanyaga maktaba hadi aliposikia mtoto wa jirani ametundika picha huko. Mjaribu.

Mchangiaji wa nne

Sijasikia jibu la swali la tatu, na mimi ndilo linaloninyima usingizi. Nani anachagua? Leo ni foleni ya maji. Kesho mmoja ataleta mwanamke asiye na nguo, mwingine picha ya mgombea wake. Meneja ataogopa, atakataa vyote, au atampa shemeji yake ukuta mwaka mzima.

Na hiyo bei? Jengo ni la kodi zetu. Mtu akifanya biashara humo, kwa nini muuza chaji za simu asiruhusiwe?

Mtoa mada

Kwa usalama wa picha naongeza la kwangu. Zile picha tisa nilizowasimulia zilibandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya rangi ya mafuta. Joto likaja, usiku wa nne tatu zikaanguka, fremu mbili zikapasuka na moja ikachanika pembeni. Mchoraji alipouliza, akajibiwa hakuna karatasi iliyosainiwa, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Alizibeba begani akaondoka nazo. Sijamwona tena kwenye maonyesho yoyote, na hilo linaniuma kuliko fremu.

Nani achague? Chama cha Maktaba cha Marekani kina kanuni katika Hati yake ya Haki za Maktaba: maktaba inayotoa nafasi ya maonyesho iitoe kwa usawa, bila kuangalia imani wala upande wa anayeomba. Tuanzie hapo. Daftari kaunta, anayetangulia kuandika ndiye anayetangulia kutundika, mwezi mmoja kila mtu, harudi mpaka waliobaki wamalizike. Shemeji wa meneja apange foleni. Picha za kampeni, hapana, kama ambavyo mabango ya kampeni hayabandikwi humo. Kuhusu uchi, ngazi ile wanapita watoto wa miaka sita, na mimi ningekataa. Najua wapo wachoraji watakaonikasirikia. Sababu ya kukataa iandikwe na mwombaji apewe nakala, asiambiwe tu kwa mdomo.

Bei ndipo sikubaliani nawe kabisa. Mwandishi ambaye kitabu chake kiko rafuni analipwa kwa kuuza kitabu hichohicho nje, na hatumwiti mchuuzi. Kikaratasi chenye jina, bei na namba ya simu kibandikwe chini ya picha, fedha zisipite kaunta, maktaba isichukue asilimia. Tukificha bei tutamfundisha kijana wangu wa kidato cha pili kwamba kazi ile haina thamani, na aliyeichora atarudi kwa tembo.

Jana tumeiandika barua ya ombi upya: ukuta wa ngazi, reli moja, mwezi mmoja, hakuna ngoma, hakuna wa kuinuliwa kitini. Tunaipeleka Jumatatu. Mkutubi mstaafu, nakuomba tuonane pale saa tatu asubuhi uone jua linavyoingia. Na wewe wa meza ya tatu, usisaini barua yetu kama hujaridhika, ila njoo usimame ngazini utuambie picha ya mwisho ikomee wapi ili mlango wenu usizibwe. Nitakuja na futi kamba.