MJADALA: Samaki wa kufugwa ni salama? Na mbona tunauziwa bila kuambiwa ametoka wapi?

Mkaaji wa Barani (Malindi)
Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Kusi (upepo wa kusini) limeshika, madau mengi yamefungwa, changu na tafi wamekuwa adimu. Lakini mjini samaki hakosekani. Tilapia wa katoni na kamba wa kufugwa waliogandishwa wamepangwa pamoja na samaki wa hapa, au wamekaangwa tayari na hakuna anayekwambia yupi ni yupi. Sina ugomvi na ufugaji wenyewe, nina ugomvi na dawa. Kuna rangi ya kijani inaitwa malakaiti, inaua ukungu kwenye ngozi na mayai ya samaki. Ulaya na Marekani hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa, inahofiwa kuleta saratani. Kuna antibayotiki kama kloramfenikoli, nazo vivyo hivyo. Marekani ilipiga marufuku tilapia wa China mwaka 2007. Sisi hapa nani anatupimia? Naomba tujadili: kaunti iwalazimishe wauzaji, kuanzia mwenye friza mpaka mama karanga (mama anayekaanga samaki wa kuuza), waseme samaki ametoka wapi. Ndiyo au la?

Mama Karanga wa Muyeye
"Mpaka mama karanga." Haya, nimesikia. Mwenye hoteli hukumtaja, anayeleta kontena hukumtaja, umenitaja mimi na karai langu. Kaka, unajua samaki wa bahari anavyogawanywa hapa? Dau likifika, nguru na kolekole wazuri wanakwenda kwa tajiri aliyemkopesha nahodha nyavu. Wanaofuata wanakwenda hotelini. Mimi naachiwa vipande, na kusi hata hivyo vipande sivioni. Tilapia wa katoni ndiye anayelipa karo ya wanangu miezi hii. Na mteja akiniuliza namwambia, sijawahi kumficha mtu. Tatizo hawaulizi, wanauliza bei.

Nahodha Kizingitini
Mama usikasirike, ndugu yetu amesema haki. Mimi ni mvuvi, babangu mvuvi, na samaki wa friza sili. Samaki wa bahari anajitafutia riziki yake kwenye maji ya Mungu. Huyo wa kufugwa analishwa mavi ya kuku. Nimeona kwa mato yangu mabwawa ya huko Ngomeni, magunia ya mavi yamepangwa ukingoni. Halafu mtu anakuja kutuuzia Amu (Lamu) ati kitoweo! Yeo ukimwambia mgeni wako amekula mavi atarudi kwako?

Msomi wa Mambrui
Turudi kwenye swali. Huo mwaka 2007 umekosewa kidogo. Marekani haikupiga marufuku, ilisema mizigo izuiwe bandarini mpaka mwenyewe athibitishe kwamba haina mabaki ya dawa. Na waliotajwa ni kamba, kambare, basa, deisi na mikunga wa kufugwa kutoka China. Tilapia hakuwemo kwenye orodha ile. Hiyo si kusema tilapia ni msafi, ni kusema tusiongeze chumvi.

Mfugaji wa Mwatiko
Nahodha, umenigusa mimi moja kwa moja, kwa hiyo nakujibu mimi. Samaki wangu, mwatiko, hali mavi. Mavi ya kuku yaliyokauka tunayatia bwawani kabla ya kujaza maji vizuri, tunaacha jua lifanye kazi, chini kunaota utando wa kijani kama zulia. Mwatiko anakula ule utando. Mdomo wake hauna hata meno. Vifaranga tunawatoa baharini hukohuko kwako unakosema ni maji ya Mungu: wakati wa bamvua (maji makubwa) wanaingia kwenye vidimbwi vya mikokoni, tunawakokota kwa chandarua, wembamba kama sindano, macho mawili meusi ndiyo unayoyaona. Hatutii malakaiti, hatutii antibayotiki, hata pesa ya kununua hizo dawa hatuna. Unatuchanganya na mashamba makubwa ya ng'ambo kwa sababu tu ya neno "kufugwa". Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana. Ukisema mavi mara moja tu mtandaoni, sisi tunakosa wanunuzi msimu mzima.

Nahodha Kizingitini
Kwa hiyo magunia niliyoyaona yalikuwa ya mchele?

Mfugaji wa Mwatiko
Yalikuwa mavi ya kuku, nimeshasema. Shamba la mchicha unalokula wewe linatiwa nini?

Ustadhi wa Langoni (Lamu)
Ndugu zangu, hapa kuna jambo la dini na lisipitwe. Mnyama anayekula najisi anaitwa jallala, na imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuliwa jallala na kunywewa maziwa yake. Ila wanavyuoni wamefafanua. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba ni makuruhu (haipendezi), si haramu, na ni pale ambapo nyama imebadilika kwa harufu au ladha. Akitengwa akalishwa kisafi mpaka athari iondoke, makuruhu yanaondoka. Kwa hiyo suala si gunia lililo ukingoni. Suala ni huyo samaki amekula nini hasa, na nyama yake inanukaje.

Bint Faza
Ahsante ustadhi. Sasa kuku wa kisasa tunaowanunua Mombasa je? Nani ameuliza chakula chao kina nini?

Ustadhi wa Langoni (Lamu)
Hukumu ni hiyohiyo. Kama hujui, asili ya vitu ni halali. Huna haja ya kumpekua muuzaji.

Mkaaji wa Barani (Malindi)
Ustadhi kwa heshima zote, kwenye halali sawa, lakini kwenye dawa kutokujua ndiko kunakotuumiza. Antibayotiki haionekani, hainuki. Ukila kidogo kidogo kila siku, bakteria wanaizoea, na siku mtoto akiugua kweli dawa haimshiki. Hilo ndilo ninalolililia. Mwaka 2018 nchi nzima ilipiga kelele, mpaka Rais Uhuru Kenyatta akasema samaki wa China wazuiwe. Leo friza zimejaa.

Kijana wa Shela
Mnasema bahari safi. Bahari ipi? Mto Sabaki unamwaga wapi? Kati ya Malindi na Mambrui. Na Sabaki ndio Athi huohuo unaopokea uchafu wa Mto Nairobi. Mvua ikinyesha bara, ufuo wa Malindi unageuka rangi ya chai ya maziwa. Chaza wa pale wanachuja nini? Kaa wanakula nini? Bwawa la mwatiko angalau unajua mwenyewe ni nani.

Nahodha Kizingitini
Mimi sivui Sabaki. Navua Kiwayu na Ndau. Na uchafu wa huku tuliletewa, hatukuuleta. Walipochimba bandari ya Manda matope yalifunika miamba, nyavu zikatoka tupu. Mahakama Kuu iliamua 2018 wavuvi wapata elfu nne na mia sita walipwe shilingi bilioni 1.76. Waulizeni wavuvi wa Lamu waliisubiri miaka mingapi hiyo pesa. Halafu jibu la serikali kwa mvuvi ni "fuga". Mimi nilizaliwa baharini, nikachimbe bwawa?

Mfugaji wa Mwatiko
Hakuna aliyekwambia uchimbe. Na usidhani sisi tunapenda kila mradi. Mradi wa kamba wa Ngomeni, ule ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikata mikoko halafu ukafa, na tukaachiwa uwanja wa chumvi. Ndiyo maana sisi mikoko hatuigusi, tunachimba nyuma yake.

Msomi wa Mambrui
Samaki wa porini naye hana cheti cha usafi. Papa anayependwa hapa, na ng'onda wake (papa mkavu), hukusanya zebaki kwa sababu anaishi miaka mingi akila samaki wengine. Marekani wanawake wajawazito wanaambiwa wasile papa kabisa, wakati tilapia na kamba wamo kwenye orodha ya wale wenye zebaki ndogo. Na kasa? Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula kasa. Huyo hakufugwa na mtu.

Bint Faza
Kasa si samaki! Na kila mkijadili chakula cha bahari lazima mumtaje kasa ili watu watuangalie sisi Wabajuni. Mimi nimezaliwa Faza, nyumbani kwetu hakuna anayekula kasa, na ni kosa la jinai kumgusa. Tena ndugu zetu wengi wanayalinda mayai ya kasa usiku. Ulikuwa na mifano mingapi ukachagua huo?

Msomi wa Mambrui
Nilitaja Pemba, sikutaja Faza.

Bint Faza
Tunajua mlivyozoea kusema.

Muuguzi Mkomani (Lamu)
Naomba nafasi maana nimesoma yote na kinachonijia zahanati hakijatajwa. Sijapokea mgonjwa wa malakaiti. Saratani haiji na kadi, kwa hiyo sisemi haipo. Ninaowapokea, hasa joto likizidi, ni watu waliokula jodari au vibua: uso umekuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, mdomo unawaka kama wamekula pilipili. Wenyewe wanasema "samaki amenikataa" na wanaacha samaki maisha yao yote. Si mzio. Samaki wa aina hiyo akikaa juani, bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama, na histamini haifi kwa moto wala kwa friza. Umkaange mpaka awe mkaa, iko palepale. Kinga ni barafu tangu samaki anapotoka majini. Basi. Na hao ni samaki wa bahari, wa maji ya Mungu, wamebebwa kwenye gunia juu ya bodaboda mchana kutwa, juu yake wamefunikwa majani, damu inachuruzika kwenye magurudumu. Nani amempima huyo?

Mama Karanga wa Muyeye
Dada, Mungu akubariki. Mwaka jana mteja alinivimbia uso hapa kibandani, watu wakasema mafuta yangu mabovu. Alikuwa amekula jodari wa dau la asubuhi aliyenifikia alasiri. Sasa niambieni, barafu nani anunue? Nahodha anasema barafu inajaza dau na inayeyuka kabla ya kufika. Bodaboda anasema inalowesha. Mimi ndiye wa mwisho, samaki akinifikia ameshaharibika au hajaharibika, mimi nitajuaje? Tilapia wa katoni namvunja kwa shoka kutoka kwenye barafu. Ndiyo maana wateja wangu hawaumwi kwa tilapia.

Nahodha Kizingitini
Barafu ya Amu mpaka ifike Kizingitini nusu ni maji. Tupewe mtambo wa barafu kisiwani uone kama sitabeba. Kamba mawe tunawafikisha hai kwa tajiri kwa sababu akifa hanunuliwi. Jodari hakuna anayeuliza alikufa saa ngapi.

Mkaaji wa Barani (Malindi)
Basi kibandiko kiandikwe vyote: ametoka wapi na ametoka majini lini. Mwenye friza ana katoni, jina la nchi limechapwa pembeni, kazi yake ni kutolitupa. Hilo halina gharama. Mama, wewe nakutaka radhi kama uliona nimekulenga, lakini mwenye friza simwachi.

Kijana wa Shela
Na kamba? Hotelini wanaandika "kamba wa Malindi" mwaka mzima. Wa Malindi wa wapi, kusi hili?

Ustadhi wa Langoni (Lamu)
Kumwambia mteja ni wa Malindi na si wa Malindi ni udanganyifu katika biashara, na huo ndio haramu bila khilafu. Afadhali huyo mwenye mavi ya kuku.

Mfugaji wa Mwatiko
Ustadhi, hata wewe!

Ustadhi wa Langoni (Lamu)
Nisamehe mwanangu, nilikuwa nakutetea.

Mfugaji wa Mwatiko
Nahodha, bamvua ijayo tunakausha bwawa. Njoo mwenyewe. Mchague mwatiko yeyote, mpasue tumbo mbele ya watu. Ukikuta mavi ya kuku ndani, chukua kapu zima bure na uandike hapahapa. Ukikuta utando wa kijani, unaandika hapahapa vilevile.

Nahodha Kizingitini
Nitakuya. Kisu nakuya nacho mwenyewe.