Bosi anaagiza kwa simu, mali ikipungua ananiruka. Nijieleze vipi kwa barua?

Habari zenu wakuu. Huu ni mwaka wa tatu natunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Bosi yeye ni mtu wa simu: "Mpe fundi mifuko 20, nikirudi nasaini." Natoa. Akirudi jioni kachoka, nami naona aibu kumfuata na kitabu, ni mtu wa umri wa baba yangu.

Juzi tumehesabu mali, saruji imepungua mifuko 40. Nikamkumbusha siku mbili alizopiga. Kaniruka futi mia: "Mimi sijakuagiza." Nimepewa barua ya kujieleza ndani ya saa 48. Kuongea naweza, ila nikishika kalamu mkono unaganda. Nina watoto wawili, nisaidieni.

Karani Mstaafu
Pole sana mdogo wangu. Nimefanya kazi masjala serikalini. Kule hata mkubwa akikuelekeza kwa mdomo, unaandika dokezo ndipo jalada linatembea. Andika kama ulivyotusimulia hapa. Taja kumbukumbu namba na tarehe ya barua yao, kisha siku, saa, idadi, nani alipakia. Usiandike "bosi ni mwongo". Andika: "Saa 10 jioni nilipigiwa simu na bosi, akanielekeza nitoe mifuko 20." Toa nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Mama Wawili
Usifute orodha ya simu! Haioneshi mlichoongea, ila inaonesha alipiga dakika chache kabla gari halijatoka. Na daftari la mlinzi getini umeliangalia?

Fundi Stoo
Kuanzia leo, akikata simu tu mtumie ujumbe: "Shikamoo mzee. Kama ulivyoelekeza, natoa mifuko 20 kwa fundi wa Mbagala." Hata asipojibu, umebaki nao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe kama huo uwe ushahidi.

Mnyalu
Ataona humwamini, mtakosana bure.

Fundi Stoo
Mkuu, wameshakosana. Shikamoo ipo, heshima ipo, na mali bila daftari huisha bila habari.

Mtu wa Chama
Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za kazi za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali, GN, namba 42) zinakupa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na unaruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Wakikuachisha kazi, una siku 30 kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizipoteze kwa kubembelezana.

Mleta mada
Asanteni mno. Nimetoka getini sasa hivi. Mlinzi kaandika namba ya gari, mifuko 20, saa 10 na dakika 25. Simu ya bosi ni saa 10 na dakika 12. Ile 20 ya kwanza sijaiona, siku hiyo alikuwepo mlinzi mwingine, kesho namtafuta. Barua nimefika ukurasa wa pili.