MREJESHO: Nepi za kitambaa au pampasi kwa mtoto

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule niliyeuliza nitumie nepi za kitambaa au pampasi maana pampasi zilikuwa zinamaliza hela na mwanangu mapaja yote vipele. Asanteni sana jamani. Nimefata ushauri wa kuchanganya, mchana nepi usiku pampasi, nafua na sabuni ya mche nasuuza mpaka povu liishe kabisa, naanika juani halafu napiga pasi pande zote. Vipele vimekauka! Ila usiku nepi zimegoma, analoa mpaka shuka, na kwa mvua hizi za masika Dar nepi hazikauki so kuna siku pampasi mchana pia. Dada uliyesema nisiweke dawa ya kulainisha nguo, Mungu akubariki, nepi za mchana zinanyonya mkojo vizuri mno.