Kompyuta ya 2012 bado inapiga kazi: niiuze nichukue laptopu mpya?

Mama Chapa, Kayole

Habari zenu wadau. Nina kiduka cha kuchapa na kufotokopi hapa Kayole. Wateja wangu ni wa CV, barua na maombi ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na Juni ikifika foleni ya ritani za kodi za KRA inatoka hadi nje kwa sababu mwisho ni tarehe 30. Kazi hiyo yote inabebwa na kompyuta moja ya mezani, Dell OptiPlex 7010 niliyonunua ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza: prosesa Core i5 ya kizazi cha 3, RAM 4GB, diski ya kawaida ya 500GB.

Haijawahi kuniangusha mbele ya mteja. Lakini siku hizi kuwaka inachelewa mpaka mteja anachoka anahamia kwa jirani. Stima ikipotea usiku, asubuhi naikuta imerudi tarehe ya miaka ya nyuma, na eCitizen inakataa kufunguka, inaandika muunganisho si salama. Halafu Windows 10 inaniambia haipati tena masasisho.

Muuzaji mmoja wa mjini ananishauri niachane nayo nichukue laptopu mpya ya elfu 38: prosesa Celeron, RAM 4GB, hifadhi 64GB. Zamu yangu ya chama ni mwezi ujao. Naomba ushauri wa wanaojua, maana hii kompyuta ndiyo inayolipa karo nyumbani na sitaki kubahatisha.

Fundi wa Luthuli

Dada, hiyo pesa ya chama ishikilie kwanza. Habari ya tarehe ni betri tu. Ndani ya bodi kuna kibetri cha mviringo kama sarafu, CR2032, volti 3, ndicho kinachoshikilia saa wakati hakuna stima. Kikiisha, saa inarudi nyuma. Na kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko mwaka mwingine, inakiona cheti hicho hakifai na kukufungia mlango. eCitizen haina kosa hapo. Kibetri hicho utakipata hata kwa muuza saa.

Uchelewaji nao ni diski. Hiyo ya kuzunguka ina sindano inayokimbia huku na huko kutafuta vipande vidogo vidogo vya Windows. Weka SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka, ya SATA ya 256GB na uongeze RAM ifike 8GB, DDR3 ya kompyuta ya mezani, si ya laptopu. Kufungua 7010 hakuhitaji bisibisi: chomoa waya wa stima, vuta kifungio cha kifuniko ubavuni, kifuniko kitatoka. Ukiwa humo ndani tazama kapasita, vile vimkebe vilivyosimama kwenye bodi. Kichwa kikiwa bapa ni sawa. Kikiwa kimevimba au kina ukoko wa kahawia, niambie kabla hujanunua chochote.

Msomaji wa Rongai

Namuunga fundi mkono kwa vifaa, ila kwa usalama sikubali tuupite hivi hivi. Huyu mama anashika nambari za vitambulisho na nywila za watu. Microsoft ilimaliza masasisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ule mpango wa kujiandikisha uongezewe muda unafika 13 Oktoba 2026 kwa watu binafsi, basi.

Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama kwenye bodi, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache tu. 7010 ina TPM 1.2. Kuna watakaokwambia wataipachika kwa nguvu, na kweli itawaka, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina hakika ya kupata masasisho. Kwa duka la kuhudumia watu mimi nisingefanya hivyo.

Kama ni lazima ununue, tafuta ex-UK ya kizazi cha 8: OptiPlex 7060, au kwa laptopu ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5. Zote ni za 2018 na Windows 11 inazikubali rasmi. Ile Celeron usiiguse.

Mwalimu wa Dagoretti

Kuna njia ya tatu. Mimi natumia ThinkPad T430, ya 2012 pia, na mitihani yote ya shule naiandikia humo. Niliweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Toleo la 22 linapata masasisho hadi 2029 na 7010 yako italibeba bila jasho. Uzuri wake unaweza kulijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako: washa, unganisha printa, fungua eCitizen, chapa kurasa mbili. Lisipokufaa, chomoa flashi.

Nikueleze na upande mgumu. Mteja akileta CV iliyopambwa kwa Word, ukiifungulia kwenye LibreOffice, programu inayoshika nafasi ya Word huko Mint, mistari inaweza kuhama, kwa hiyo waombe waje na PDF. Na faili za Excel zenye makro usizitegemee huko.

Mama Chapa

Asanteni sana. Printa yangu ni Epson ya tangi, L3250. Hiyo Mint itaikubali? Na kwa nini nyote mnaikataa laptopu mpya? Ni mpya jamani, tena ina waranti.

Fundi wa Luthuli

Epson wana draiva za Linux za printa hizo, lakini jaribu na kuskani pia ukiwa kwenye flashi, usiishie kuchapa.

Laptopu ya bei hiyo mara nyingi hifadhi yake ni eMMC, chipu ya bei nafuu, iliyochomelewa kwenye bodi, na RAM vilevile. Moja ikifa, umekufa na bodi nzima. GB 64 nazo Windows na masasisho yake wanazimaliza upesi. OptiPlex, EliteBook na ThinkPad zilitengenezewa ofisi, mahali fundi wa kampuni anatakiwa abadilishe kipande mezani kwa mtu na kazi iendelee. Ndiyo maana mpaka leo nikitaka feni au pawa saplai ya 7010 nazipata.

Kitu cha kununua kweli ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta stima ikipotea. Stima ya kukatika na kurudi kwa kishindo inaua pawa saplai na diski kuliko uzee. Vumbi la Kayole lipulize kwa blowa nje ya duka, feni ukiizuia kwa kidole isizunguke.

Msomaji wa Rongai

Mama, nyongeza kuhusu ile diski ya zamani. Ukishahamia SSD usimuuzie mtu wala kumwachia fundi hivi hivi. Kufuta faili kwa kawaida hakuziondoi, zinarudishwa kwa programu za bure, na humo kuna skani za vitambulisho na PIN za KRA za watu wa mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na kiduka. Nakili unachohitaji, kisha iandike upya yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akikusaidia na ile flashi ya Mint, amri ya shred imo humo tayari. Hakikisheni tu mmechagua diski sahihi kabla ya kubonyeza Enter.