Mkwe alinyoosha tonge mdomoni mwangu nikakwepa. Nimemkosea?

Mama wa Busia
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Busia, nauza mitumba soko la Owino hapa Kampala, naishi Kawempe. Kijana wangu anataka kuoa binti wa Kihabeshi, na Jumapili tulialikwa kwao Kabalagala. Tulinawishwa mikono, tukazunguka sinia moja kubwa lenye injera, ule mkate wao mwembamba laini, mchuzi wa kuku na mayai katikati, dengu pembeni. Nikala kwa mkono wa kulia, upande wangu. Hapo sikuwa na wasiwasi, ndivyo nilivyolelewa.

Mara mama wa binti akamega injera, akafungia nyama ndani, tonge kama ngumi ya mtoto, akaninyooshea mdomoni. Mimi, mwenye wajukuu wawili! Kwetu anayelishwa ni mtoto mchanga au mgonjwa asiyejiweza. Nikarudisha kichwa nyuma: "Asante mama, nitakula mwenyewe." Mkono wake ukabaki hewani, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiganja, kisha akaugeuza taratibu akamlisha kijana wangu. Aliendelea kutabasamu, lakini hakunitazama tena usoni. Baadaye binti alikaanga kahawa mbele yetu. Nilikunywa kikombe kimoja, nikaona wingu la mvua, nikaaga.

Tangu siku hiyo sina amani. Wanakuja kwangu Ijumaa, na nimeshalipia kuku watatu wa kienyeji wa kupika luwombo, yaani mchuzi wa kufungwa kwenye majani ya mgomba. Nirekebishe vipi?

Dereva wa Masafa
Pole mama. Nilikaa Addis Ababa miaka mitatu. Tonge lile huitwa gursha, na ukubwa wake ndio kipimo cha mapenzi. Ukisitasita kwa haya wanaelewa, watakubembeleza, lakini mwishowe unafungua mdomo. Na haliishii kwenye moja, unaongezewa. Alikuwa anakuita ndugu.

Ila mimi naona kahawa ndiyo iliyouma zaidi. Inachemshwa mara tatu kwa unga ule ule: abol, tona, halafu baraka, na maana ya baraka ni hii hii yetu. Wewe uliondoka kwenye abol. Hakukusihi ukae?

Mama wa Busia
Alinishika kiwiko mpaka mlangoni akisema "baraka, baraka". Nilidhani ananiombea safari njema. Ee Mungu wangu.

Binti Bombo
Mama, usijilaumu hivyo. Hata wao wanaishi Kampala, wanajua Mganda halishwi. Sisi Wanubi tunakula sinia moja pia, lakini nyanya yangu humsogezea mgeni minofu upande wake, kimya kimya, hamtii mdomoni. Angekuelezea kwanza.

Jirani wa Kansanga
Binti Bombo, mtu haelezi mapenzi kabla ya kuyatoa.

Mama, mimi nimeshtushwa na hiyo Ijumaa. Ni Waorthodoksi? Kama ndio, Jumatano na Ijumaa wanafunga: hawagusi nyama, maziwa, mayai wala samli. Utawawekea luwombo ya kuku mezani wakae wanaitazama. Muulize kijana leo hii. Na nguruwe hawali siku yoyote.

Mama wa Busia
Nimempigia sasa hivi. Waorthodoksi kabisa, na alijua, akadhani nami najua!

Siku sibadilishi, nisije nikaonekana nawakimbia mara ya pili. Kuku watakaa uani mpaka wageni warudi siku isiyo ya mfungo. Ijumaa nitamenya matoke mwenyewe, niyafunge kwenye majani ya mgomba tangu asubuhi, mchuzi wa karanga, mboga ya dodo (mchicha) bila samli, na maharage. Karanga nitazisaga mwenyewe nyumbani, maana za sokoni sijui zimepitia kinu gani. Nimemwomba binti aje na birika lao la kahawa, na nimewaambia wa nyumbani kwamba hakuna anayeinuka kabla ya kikombe cha tatu, mvua inyeshe isinyeshe.

Na tonge la kwanza nitampa yule mama kwa mkono wangu. Dereva, niambie jambo moja: matoke yanatoka kwenye majani yakiwaka moto, na ni laini. Nilifinyange kwanza lipoe ndipo nichovye karanga, au nichovye nimpe hapo hapo? Nijibu kabla ya Alhamisi nifanye mazoezi kwa mjukuu.