Karatasi za kodi za babu: ya 1908 inasema Kilimatinde, ya 1913 inasema Dodoma. Tulihama lini?

Mjukuu_wa_Saranda

Mbukwenyi wana jukwaa. Wazee wangu, shikamooni.

Mwezi uliopita tulimzika babu yetu mdogo huko Kilimatinde. Tulipofungua sanduku lake la bati tukakuta karatasi mbili za kodi za marehemu baba yake, zimefungwa kwenye kipande cha kaniki. Ya kwanza ina muhuri wa tai na neno Kilimatinde, mwaka 1908, pembeni imeandikwa "3 Rp." Ya pili ni ya 1913, jina la mlipaji ni lilelile, ila muhuri unasema Dodoma.

Karatasi hizi zimetuletea ugomvi. Upande mmoja wa ukoo unasema ya Dodoma ni ushahidi kwamba sisi ni watu wa kuja, kwa hiyo hatuna neno juu ya shamba la chini ya mbuyu. Bibi alinilea akiniambia watu wetu hawajawahi kuhama pale juu. Na leo tuko wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, wala si Dodoma.

Naomba anayejua wilaya za Mjerumani anieleze. Na je, wilaya hizo zilikuwa na halmashauri ndani yake kama sasa tulivyo na Bahi au Chamwino, ili nijue pa kutafuta karatasi nyingine?

Chigogo_Damu

Pole kwa msiba. Mimi nadhani mzee alikwenda kufanya kazi ya reli Dodoma akalipia kodi hukohuko. Wengi walifanya hivyo. Hilo halimfanyi awe mtu wa kuja.

Mwalimu_Mpwapwa

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na swali lako limenigusa kwa sababu kwetu Mpwapwa nasi tulipatwa na jambo la namna hiyo.

Anza na barabara, usianze na ramani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kisha ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya pori la Mgunda Mkali. Kilimatinde iko palepale juu ya ukingo. Ukisimama pale asubuhi unaiona Bahi yote chini yako. Mjerumani aliyetaka kuishika njia ile asingeweza kupaacha. Mpwapwa napo ni hivyo: kituo cha kampuni ya Kijerumani kilishambuliwa mwaka 1889 na watu wa Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, na Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alipofika mwaka huohuo akajenga ngome. Vituo hivi vilianza kama kambi za askari, utawala ukafuata. Kwa hiyo baba wa babu yako alipolipa mwaka 1908, boma lake lilikuwa Kilimatinde, na eneo lote likaitwa kwa jina la boma.

Sasa reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Misafara ya miguu ikafa. Reli ikapandia Saranda kuelekea Manyoni, Kilimatinde ikaachwa kusini. Mpwapwa reli ilipita Gulwe, mji wetu ukabaki pembeni vilevile. Dodoma ilikuwa na treni, na iko mahali ambapo njia ya kwenda Kondoa na ya kwenda Iringa zinakutana. Makao ya wilaya yakahamishiwa huko na wilaya ikachukua jina la Dodoma. Ofisi ndiyo iliyohama, mjukuu wangu. Watu na ardhi vilibaki vilipokuwa.

Kuhusu halmashauri: hapana, usiifananishe na ya leo. Kuanzia 1901 kulikuwa na jumuiya za wilaya zilizobakiza sehemu ya kodi kwa ajili ya barabara na shule, lakini hizo zilikuwa za wilaya za kiraia, na mwaka 1909 zikavunjwa. Miji iliyopewa baraza lake ni Dar es Salaam na Tanga tu. Chini ya boma kulikuwa na maakida, wasimamizi waliowekwa na Mjerumani, na majumbe, wakuu wa vijiji, basi. Kwa hiyo usitafute halmashauri, tafuta jina la jumbe.

"Rp." ni rupia. Tangu 1904 rupia moja iligawanywa heller 100, na ndiyo hiyo "hela" tunayoitamka kila siku. Rupia 3 ndicho kiwango kilichowekwa kwa nyumba ya kijijini kodi ilipoanza 1898.

Ndugu Chigogo, hoja yako ina uzito, ila inapimika. Mjukuu, angalia kama karatasi ya 1913 ina neno "Hüttensteuer". Hiyo ni kodi ya nyumba, inayodaiwa pale tembe lilipo. Kibarua wa reli anayelala kambini hadaiwi nyumba.

Mjukuu_wa_Saranda

Mwalimu, nimeshindwa hata kuketi. Neno hilo lipo kwenye zote mbili! Tulikuwa tunalisoma kama jina la mtu.

Sasa Singida imeingiaje?

Mwalimu_Mpwapwa

Hilo ni la baadaye kabisa. Waingereza walitufanya Jimbo la Kati, makao Dodoma, na Manyoni ikawa wilaya ndani yake. Mwaka 1963 jimbo likagawanywa kuwa mikoa miwili, Dodoma na Singida, Manyoni ikaenda Singida. Ukihesabu, nyumba ileile imekuwa chini ya Kilimatinde, Dodoma, Manyoni, na mkoa wa Singida, bila mtu kubeba hata chungu.

Mama_Mvumi

Naomba niongeze jambo, maana nisingependa mwende kwenye kikao mkiwa na nusu ya habari. Waingereza waliiteka Dodoma tarehe 29 Julai 1916, na Kilimatinde siku chache tu baadaye. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikagoma. Ndipo ikaja njaa ambayo wazee wetu Wagogo waliiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi karibu 1920. Bibi yangu alizaliwa humohumo. Alisema mama yake aliacha tembe likiwa na mlango wazi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuibiwa.

Kama kuna watu wa ukoo wenu waliohama na kurudi, watafuteni katika miaka hiyo. Na waliorudi baada ya Mtunya wasiitwe watu wa kuja. Nimeona koo zikivunjika hapa Mvumi kwa neno hilo, na linaniuma.

Chigogo_Damu

Nakubali, nilikosea kuhusu reli. Mwalimu, mafaili yenyewe yako wapi?

Mwalimu_Mpwapwa

Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Namba za mafaili ya Kijerumani zinaanza na herufi G. Mjiandae, mwandiko wao wa mkono wa zamani ni mgumu hata kwa Mjerumani wa leo.

Mama Mvumi, ahsante. Hilo la Mtunya nilipaswa kuanza nalo mimi.

Mjukuu, je, umezigeuza karatasi? Makarani wa boma waliandika Kiswahili, na mara nyingine waliweka alama nyuma ili jumbe asichanganye watu wake.

Mjukuu_wa_Saranda

Nimezigeuza jioni hii, baba ameshika taa. Ya 1908 nyuma haina kitu. Ya 1913 ina maandishi ya penseli, yamefifia: neno "jumbe", kisha jina, kisha jina la kijito. Jina la jumbe baba halijui. Kijito ni kilekile tunachochota maji hadi leo, kiko mita mia mbili kutoka kwenye ule mbuyu.

Baba amekaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia niiweke karatasi kwenye nailoni isije ikalowa. Ukoo unakaa Jumapili. Kuna bibi mmoja Saranda aliyeolewa upande wa pili, umri wake umepita tisini. Nakwenda kwake Jumamosi kumuuliza hilo jina la jumbe, na kumuuliza pia nani aliondoka wakati wa Mtunya na nani alirudi.